UZI: Tunaingiza mfumo wa kusimamia ubora kwenye tuzo ya vijana Mtwara na Lindi, njooni tuseme ukweli

KusiniKwetu
Wakuu habari za jioni, hasa nyie mlioko Mtwara na Lindi na wana Kusini wote mliotawanyika huko mjini. Uzi utakuwa mrefu, vumilieni, jambo lenyewe linaniuma.

Mimi ni mratibu wa programu ya tuzo ya vijana, mashuleni na kwenye vikundi vya mtaani, kuanzia Mtwara Mjini na Mikindani mpaka upande wa Lindi. Kwa asiyeijua, kijana wa miaka 14 mpaka 24 anachagua mwenyewe mambo ya kufanya: kujitolea kwa jamii, ujuzi wowote anaoutaka, mazoezi ya mwili, halafu safari ya kutembea na kulala nje na wenzake. Ngazi ziko tatu, shaba, fedha na dhahabu, na kwenye dhahabu anaongeza siku tano za kuishi na kufanya kazi na watu asiowazoea. Utaratibu huu ulianzia Uingereza 1956, Prince Philip akishirikiana na mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, leo uko kwenye nchi zaidi ya 120 na wenzetu Kenya wanao tangu 1966 kwa jina la President's Award. Hamna mashindano humo, hamna wa kwanza wala wa mkiani, kila mtoto anapimwa na lengo alilojiwekea mwenyewe.

Sasa uongozi wetu umeamua tuingize mfumo wa kusimamia ubora, nami nimepewa kuusimamia huku Kusini. Naukubali kwa moyo wote na nitawaambia kwa nini.

Kuna kitabu cha kumbukumbu cha kijana mmoja wa ngazi ya shaba nilikishika mkononi, shule siitaji. Miezi mitatu ya mazoezi, kila Jumamosi mpira saa tisa mpaka saa kumi, sahihi ya mtathmini kila mstari. Kalamu moja ya bluu, mwandiko umelala upande ule ule kuanzia mstari wa juu mpaka wa mwisho, na ukipapasa nyuma ya karatasi unasikia alama zimebonyea sawasawa kote, yaani mtu kakaa chini mara moja kaimaliza. Na moja ya hizo Jumamosi ni siku Mwenge ulikesha kwenye uwanja huo huo, nani alicheza mpira pale? Nikamuuliza mtoto taratibu, hakunificha, akasema mpira walikuwa wanacheza ila sio kila wiki, kitabu wamejaziwa juzi baada ya kusikia tunakuja. Nikamuuliza sasa Jumamosi nyingine ulikuwa wapi, akanijibu yuko ufukweni anawafundisha watoto wa mtaani kwao kuogelea, ana watoto sita na wawili tayari wanaelea wenyewe. Hilo kitabuni halipo! Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Mtoto alikuwa na kazi nzuri kuliko ile iliyoandikwa, sisi watu wazima ndio tuliomkosesha. Kwa hiyo mfumo wowote wa ubora ukija na fomu za kumbana mtoto utakuwa umekosea mlango. Cha kukaguliwa ni kazi yetu sisi, kiongozi wa tuzo shuleni, mtathmini, msimamizi wa safari, na mimi mratibu. Je kijana alikaa na kiongozi akaweka lengo lake kwa maneno yake? Je mtathmini aliiona kazi kwa macho, au anasaini tu? Je kabla ya safari yenyewe walifanya safari ya mazoezi? Je kijana aliyeacha katikati kuna mtu alimfuata kujua kilichomkwamisha?

Nimeweka hapa mapema kabla sijaandika rasimu maana najua humu kuna walimu, wazazi na watu waliopitia mambo ya viwango. Semeni.

Zamu ya Usiku
Mkuu nakuheshimu ila nina wasiwasi mkubwa. Nimefanya kazi miaka mingi sehemu yenye cheti cha ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora, na nimeona jinsi kitu kinavyogeuka makaratasi. Wiki ya ukaguzi watu hawalali wanatafuta sahihi za miezi iliyopita, yaani kile kile ulichokiona kwenye kitabu cha huyo mtoto kinafanywa na watu wazima wenye mishahara. Mkiwaletea walimu wa huku makabrasha watawajazia tu. Mtakuwa mmeongeza uongo juu ya uongo.

KusiniKwetu
Zamu ya Usiku umenena jambo la msingi kabisa na ndio hofu yangu ya kwanza. Ila nikwambie, hata hao wenyewe wa ISO waliliona hilo, toleo la 2008 lilidai mwongozo wa ubora na taratibu sita za lazima ziwe kwenye maandishi, toleo la 2015 likaacha kudai hivyo, likakazia zaidi watu waelewe hatari za kazi yao na mahitaji ya wanaowahudumia. Wala hatutafuti cheti, shirika dogo kama letu cheti cha nini. Tunachochukua ni ule mzunguko wa Deming, panga, fanya, kagua, rekebisha, na hiyo ya mwisho ndiyo mashirika mengi hayafiki, wanakagua, wanaandika ripoti, ripoti inalala kabatini.

Wazo langu ni karatasi moja tu kwa kila kituo, mbele na nyuma, na nusu ya majibu yatoke kwa vijana wenyewe bila kiongozi wao kuwepo chumbani.

Mwl wa Tandahimba
Naomba niseme kama mwalimu. Nina vipindi vya kutosha, ni mwalimu wa zamu, mwalimu wa darasa, na michezo ikianza UMISSETA nipo, na tuzo naisimamia kwa kujitolea, hamna senti. Sasa anakuja mtu na gari kutoka mjini ananikuta na vijana 48 walioandikishwa ananiuliza kwa nini mazungumzo ya malengo hayajafanyika na kila mmoja. Nani kaandikisha 48? Sio mimi, niliambiwa lengo la mwaka ni kubwa nijitahidi. Nilitaka kuanza na 15.

Na lingine, hawa watoto ni wa korosho. Kuanzia mwezi wa tisa wa kumi mpaka karibu na Krismasi Jumamosi zote wako shambani wanaokota korosho na kuzitenganisha na mabibo pamoja na wazazi wao, likizo ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili wengine wanaingia jandoni na unyagoni. Wewe ukipanga ukaguzi mwezi wa kumi na moja utakuta kituo kimekufa na utaandika kituo dhaifu. Hakijafa, kipo shambani.

KusiniKwetu
Mwalimu shikamoo kwanza, na asante, naomba niibebe hii yote kama ilivyo.

Kuhusu hiyo 48, hapo umegusa penyewe. Ukimpima kiongozi kwa idadi ya walioandikishwa atakuandikishia, ni rahisi, daftari la darasa lipo. Kipimo hicho nataka kitoke mbele kiende nyuma. Kwenye rasimu nitaweka kwamba kiongozi mmoja ana haki ya kusema nimejaa na hiyo haihesabiwi kosa, inahesabiwa uaminifu. Bora 15 waliozungumza nao mmoja mmoja kuliko 48 kwenye orodha.

Na kalenda ya ukaguzi nitaipanga kwa msimu wa Kusini, sio mwaka wa fedha wa ofisi. Ziara kubwa zikae baada ya masika kwisha, mwezi wa tano kuelekea wa sita kabla shule hazijafunga. Korosho zikianza ofisi inapiga simu tu kujua vijana wako salama, basi. Tena kuna jambo, kijana anayeamka alfajiri kumsaidia bibi jirani asiye na nguvu kuokota korosho zake, bila malipo, kwa nini hiyo isiwe kujitolea kwake? Kazi ya shamba la baba yake haiwezi kuhesabiwa, sawa, ile ni wajibu wa nyumbani, ila ya bibi jirani inahesabika kabisa kama ilipangwa na kuna mtu aliyeishuhudia. Viongozi wengi hawajui, wanadhani lazima iwe kufagia hospitali.

Mjukuu wa Ghalani
Niko Masasi, baba yangu alikuwa mpokeaji wa korosho AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Nitatoa mfano mmoja tu. Korosho zikifika ghalani zinapangwa daraja kabla ya kuingia kwenye stakabadhi, na mkulima mmoja akichanganya mbovu chini ya gunia ikapita bila kuonekana, wanaoumia ni wote, maana mnunuzi akifungua anashusha bei ya ghala zima. Cheti cha dhahabu kilichojazwa na kalamu moja kinamuumiza yule mtoto wa Nanyamba aliyetembea siku nne kweli. Akienda kuomba kazi au chuo mtu akishakutana na mwenye cheti asiyeweza hata kueleza safari yake, wote wanaonekana hivyo hivyo. Kwa hiyo mwalimu wangu wa Tandahimba usione ukaguzi ni adui, unamlinda mtoto wako uliyemlea vizuri.

Binti Mchinga
Mimi nilisoma Kenya nikafika mpaka dhahabu, kwa hiyo ninayoongea nimeyapitia. Kilichonijenga sio medali. Kiongozi wetu alikuwa na tabia moja, kila baada ya wiki kadhaa anakuita chini ya mti anakuuliza maswali matatu yale yale, umefanya nini, kimekushinda nini, unabadilisha nini. Dakika kumi. Hana fomu, ana daftari dogo la mfukoni. Mimi nilikuwa nimejiwekea lengo la kujifunza kushona na nilikuwa nadanganya kwamba naendelea vizuri, siku moja akaniambia niletee ulichoshona. Nikaleta kola imepinda. Hakunigombeza, akasema basi lengo lako sasa liwe kola tu, achana na gauni. Nimejifunza kola.

Nikiambiwa nipendekeze kitu kimoja kwenye huo mfumo ni hicho, mtathmini aone kitu chenyewe. Ameshona, aonyeshe. Anapiga ngoma, apige. Anafundisha kuogelea, nenda ufukweni ukaone.

KusiniKwetu
Dada umenipa sentensi ya kuweka juu ya karatasi. "Mtathmini aone kitu chenyewe." Naichukua.

Mama Newala
Mimi ni mzazi na nitaongea kama mzazi. Binti yangu ana miaka 15, aliniletea barua ya kwenda kulala msituni siku mbili. Barua ina mistari minne. Haisemi nani anakwenda nao, kuna mwalimu wa kike au hapana, wanalala wapi, maji wanapata wapi, akiumwa anapelekwa zahanati gani. Nikakataa. Mwalimu akasema mama unamrudisha mtoto nyuma. Hivi ubora ni nini kama mzazi anaonekana mshamba kwa kuuliza mwanangu analala wapi?

KusiniKwetu
Mama yangu hukukosea hata kidogo, na ningekuwa mimi ningekataa. Hili ndilo eneo ambalo sitaki lijadiliwe kwa ulaini. Mengine yote kituo kinaweza kupewa muda kikarekebisha, ila usalama wa mtoto ukipungua safari inasimama siku hiyo hiyo.

Nieleze inavyotakiwa. Shaba wanatembea siku mbili na kulala usiku mmoja, fedha siku tatu usiku mbili, dhahabu siku nne usiku tatu. Kundi ni vijana wanne mpaka saba, sio darasa zima. Kabla ya hapo wanafundishwa, ramani, kupika, huduma ya kwanza, halafu wanafanya safari ya mazoezi ndipo ije ile ya kutathminiwa. Msimamizi hatembei katikati yao kama mchungaji, wanatakiwa wajiongoze, ila anajua kila saa wako wapi na ana njia ya kuwafikia. Sasa ukiwapeleka kwa mfano juu Rondo, msitu ule ni mzuri mno kwa safari, lakini kuna sehemu simu haishiki kabisa, kwa hiyo "watanipigia" sio mpango. Mpango ni vituo vya kukutana vilivyokubaliwa kwa saa, mtu amekaa pale na baiskeli au pikipiki, na serikali ya kijiji imeandikiwa barua kabla.

Nimewahi kufungua boksi la huduma ya kwanza la kundi lililokuwa tayari kuondoka. Ndani kuna bandeji moja imefunguliwa, mkasi wenye kutu, na chupa ya spiriti iliyokauka. Boksi lenyewe nje limepakwa msalaba mwekundu vizuri sana. Safari ile haikuondoka asubuhi ile mpaka vitu vikanunuliwa.

Kwa hiyo kwenye karatasi yetu mzazi atapata majibu ya maswali yako yote, kwa Kiswahili cha kawaida, na akisema hapana hakuna wa kumsimanga. Kundi lenye mabinti lina msimamizi wa kike, bila hivyo haliendi. Na kila kijana atajua watu wawili wa kuwaambia akitendewa vibaya, mmoja asiwe kiongozi wake, pamoja na namba 116 ya kusaidia watoto na dawati la jinsia na watoto polisi. Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, hatuhitaji kubuni.

Mama Newala
Hapo nimekuelewa baba. Barua ikija hivyo nitasaini. Na ongezeni jambo moja, mtuite wazazi tuone njia kwenye ramani kabla, hata wale wasiojua kusoma wataonyeshwa kwa kidole. Sisi wengine hayo mashamba na vijia tunavijua kuliko nyie.

Nesi wa Shangani
Nimesoma yote. Hospitalini kwetu tulipitia haya na 5S na Kaizen, mbinu za Kijapani za kupanga mahali pa kazi na kuboresha kidogo kidogo, ile iliyoanza nchini kwenye 2007 pale Mbeya ikasambaa hospitali za mikoa. Nimeona inafanya kazi na nimeona inakufa, tofauti ni ndogo sana.

Ilipofanya kazi, wodi ilichagua kero moja, ndogo, inayowauma wao wenyewe. Sisi tulichagua muda wa kutafuta vifaa kwenye trei, tukapanga upya kabati, tukaweka lebo, wiki iliyofuata kila mtu akaona tofauti. Ilipokufa, ilishushwa kutoka juu na mabango ya rangi, watu wakapaka mistari sakafuni siku ya wageni. Msianze na vituo vyote. Chukueni viwili vitatu vyenye watu wanaotaka, kila kimoja kichague kero moja, mrudi baada ya miezi mitatu muone imeondoka au bado. Na mkirudi mrudi kweli! Mkaguzi asiporudi mara ya pili, mara ya tatu usitegemee mtu kukwambia ukweli.

Pia picha za watoto, naona zinatupwa kwenye magrupu ya wasapu na jina la shule chini yake. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iangalieni.

Zamu ya Usiku
Nesi kaongea. Nabadilisha msimamo kidogo. Ila swali langu bado halijajibiwa, mkikuta kituo kinadanganya mnafanyaje? Maana mkikifunga mnawaumiza watoto, mkikiacha hamna mfumo.

KusiniKwetu
Hili limeninyima usingizi nikiri kuwa sio jepesi. Msimamo wangu ni huu. Aliyekuja mwenyewe akasema "kwangu mambo hayajakaa sawa, vitabu vimejazwa kwa mkupuo," huyo anasaidiwa, haandikwi popote vibaya, tunakaa naye na vijana tunaanza upya pale pale walipo. Kile ambacho kijana amekifanya kweli kinatafutiwa ushahidi, mashahidi wapo, yule wa kuogelea mtaa mzima unamjua. Kisichofanyika kinafutwa na anapewa muda, maana programu yenyewe inamruhusu mpaka atakapotimiza miaka 25, haraka ya nini? Kwa shaba ni miezi sita tu kwa uchache, mitatu kila sehemu na mitatu ya nyongeza kwenye moja, wastani wa saa moja kwa wiki. Sio mzigo wa kumfanya mtu adanganye.

Aliyeambiwa, akasaidiwa, akarudia, huyo anapumzishwa uongozi, na vijana wake wanahamishiwa kwa kiongozi mwingine wa karibu kabla barua yake haijatoka. Vijana kwanza, barua baadaye. Kituo hakifungwi mpaka watoto wote wamepata pa kwenda.

Na mratibu naye akaguliwe. Nimeomba kwamba viongozi wa vituo wajaze karatasi juu yangu, je nilirudi nilipoahidi, je nilileta vitabu kwa wakati, je nilijibu simu. Ipelekwe ofisi kuu bila kupitia mkononi mwangu.

Mwl wa Tandahimba
Hapo sasa umenigusa. Hiyo ya kukukagua wewe nimeipenda kuliko zote.

Basi andika kituo changu kwenye hivyo vya majaribio. Kero nitakayochagua ni mazungumzo ya malengo. Nitabaki na vijana 20, hao wengine tutawauliza wenyewe kama wanataka kusubiri awamu ya pili au hawakutaka tangu mwanzo, maana wapo walioandikwa hata hawajui. Na nitaanza na lile daftari la mfukoni la Binti Mchinga. Ila vitabu ulivyoahidi muhula uliopita havijafika, nina vijana tisa wanaandika kwenye karatasi za mtihani.

KusiniKwetu
Mwalimu vitabu 20 vinapanda basi la asubuhi Jumatatu, nitakutumia namba ya konda na picha ya mzigo. Hizo karatasi za mtihani usizitupe, zibane na pini ndani ya kitabu kipya kama zilivyo, asiwepo wa kuzinakili upya. Rasimu naiweka hapa hapa kwenye uzi ikiwa tayari, Mama Newala naomba sehemu ya barua ya mzazi uipitie wewe kwanza.

Mama Newala
Iweke. Nitamsomea na baba yake.